Barua ya wazi kwa viongozi wa TAMISEMI na Utumishi: mtendaji anamwogopa nani?

Waheshimiwa Mawaziri mnaosimamia TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) na Utumishi,
Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa na Wakuu wa Wilaya,
Waheshimiwa Wabunge wa kamati inayoshughulikia serikali za mitaa,

Nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni mtumishi mstaafu wa halmashauri ya wilaya, Tanzania Bara. Karibu kazi yangu yote niliifanya katika idara ya utumishi: ajira, likizo, uhamisho, nidhamu, tathmini. Nimewapokea vijana wakiripoti kazini na moyo wa kutumikia, na miaka michache baadaye nimewaona baadhi yao wakiwa watu wengine kabisa. Jambo hili likizungumzwa bungeni au kwenye vikao vyenu, dawa inayotajwa ni ileile: mafunzo, maadili, mfumo mpya wa kompyuta, hatua kali. Naandika kuwaomba mtazame mahali pengine.

Mtumishi wa umma hujifunza upesi ni nani anayeweza kumwinua na nani anayeweza kumwangusha, kisha hufanya kazi akimtazama huyo. Katika halmashauri zetu mtu huyo yuko juu, kwenye siasa, na kwa sehemu yuko pembeni, kwenye ukoo na majirani. Mwananchi aliyesimama dirishani na shida yake hana uwezo wa kumwinua wala kumwangusha mtu. Hali hiyo inauumba utumishi wetu kuliko waraka wowote mliotuandikia, na isipoguswa, kila kitu kipya mtakacholeta kitapindishwa kikae sawa na cha zamani.

Chukueni MWAMTUKA, Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, ambao wengi tuliuita OPRAS. Ulianza mwaka 2004. Kila mtumishi alitakiwa akae na mkuu wake mwezi Julai wakubaliane malengo ya mwaka, Desemba wapitie walipofikia, Juni wapeane alama, 1 ikiwa ya juu kabisa na 5 ya chini kabisa. Wazo lilitoka kwenye mageuzi ya miaka ya 1980 na 1990 ya nchi kama Uingereza na New Zealand, zilizoamua kuendesha ofisi za serikali kwa makubaliano ya matokeo. Sina ugomvi na wazo lenyewe.

Njooni tu muone lilivyofika mezani kwangu. Wiki ya mwisho ya Juni mafaili yalirundikwa hadi sakafuni. Sehemu ya Julai, ya Desemba na ya Juni zimejazwa siku moja, kwa kalamu moja, wino mmoja. Malengo yamenakiliwa kutoka kwa mwenzake, kiasi kwamba ofisa mmoja wa afya alikuwa na lengo la kuchanja mifugo. Alama zote ni 1 na 2. Nilimuuliza mkuu wa idara moja, mtu mwaminifu ninayemheshimu hadi leo, inakuwaje hakuna hata mmoja aliyepata 4. Akanijibu kwa swali: "Nitampaje 4 mtu ambaye pikipiki yake haijapata mafuta tangu Oktoba?" OC, yaani fedha za matumizi ya kawaida ya ofisi kutoka serikali kuu, ya robo ya pili haikuja. Ya robo ya tatu ilikuja nusu, na hiyo nusu ikaishia kwenye ziara za viongozi. Malengo yale yalikuwa yameshakufa kabla ya Krismasi.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo hakuitamka, lakini sote tuliijua. Kijana aliyetakiwa kupewa 4 ni mkwe wa diwani. Wanasali pamoja. Juma linalofuata watakaa mkeka mmoja msibani. Na mkuu wa idara mwenyewe alikuwa anakaimu nafasi ile, hajathibitishwa. Kumpa mtu alama mbaya kungeanzisha malalamiko ambayo yangefika kwa mkuu wa wilaya kabla ya barua yake ya uthibitisho kutoka. Kwa hiyo akaandika 2, na mimi nikapiga muhuri wa kupokea.

Siku hizi tathmini imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Mtumishi anaingiza kazi zake, mkuu wake anazithibitisha. Mafuta ya pikipiki bado yanasubiri OC, na mkuu bado anakaimu.

Mtaalamu wa Marekani Fred Riggs, aliyefanya utafiti Thailand na Ufilipino, aliieleza hali ya namna hii tangu miaka ya 1960. Katika nchi zilizo njiani kati ya maisha ya zamani na ya kisasa, alisema, sheria na fomu huwa za kisasa, ilhali maamuzi yanaendelea kufuata undugu, fadhila na nguvu za mkubwa. Ukitaka kuuelewa utawala wa nchi usiishie kwenye chati ya muundo wake. Soma uchumi wake, koo zake, imani yake na siasa zake. Historia yetu wenyewe inamuunga mkono.

Tanganyika na Kenya zilirithi utawala wa mkoloni mmoja: mabwana shauri waliotawala wilaya, kanuni za fedha, mafaili, hata namna ya kuandika dokezo. Miaka kumi baada ya uhuru maofisa wa nchi hizi mbili walikuwa wakiishi maisha tofauti kabisa. Kenya, tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa ilipendekeza mwaka 1971 kwamba mtumishi wa umma aruhusiwe kufanya biashara zake, na serikali ikakubali. Kwetu, Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limemkataza kiongozi, wakiwamo maofisa wa serikali wa ngazi ya kati na ya juu, kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati ule, wa 1971 ukaongeza kuwa kiongozi asiwe na majivuno, dharau wala uonevu, na wafanyakazi viwandani wakaushika kama silaha, wakagomea mameneja waliowadharau. Watu walewale, waliotoka kwenye utumishi uleule wa Mwingereza, wakageuka watumishi wa aina mbili kwa sababu siasa zilizowazunguka zilikuwa za aina mbili.

Kisha uchumi ukawageuza wa kwetu mara ya pili. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 mshahara ulikuwa haununui tena sukari na sabuni za mwezi mzima, hata pale zilipopatikana. Maofisa wakafuga kuku na ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba za serikali, wakafungua genge kwa jina la mke. Miiko ile ya Azimio la Arusha ilikuwa bado imeandikwa vilevile. Iliondolewa rasmi na Azimio la Zanzibar la Februari 1991, lakini maisha yalikuwa yameiondoa zamani. Mtu ambaye leo anashangaa kwa nini ofisa wa ardhi ana kampuni ya upimaji kwa jina la shemeji yake aanzie hapo.

Mfano mwingine ni Madaraka Mikoani. Mwaka 1972, kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, serikali ilivunja halmashauri za wilaya na baada yake zile za miji, ikawapeleka maofisa wa serikali mikoani na wilayani ili wawe karibu na wananchi. Kwenye karatasi madaraka yalishuka. Katika mazingira ya chama kimoja, kilichoshuka ni ofisi za serikali kuu: mwananchi alipoteza diwani aliyemchagua, akapata ofisa aliyeletewa. Miji ikachakaa, taka zikakosa wa kuzizoa, kipindupindu kikaingia, na mwaka 1978 serikali ikaanza kuzirudisha halmashauri za miji. Za wilaya zilirudi kwa sheria za 1982. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri mwaka 1984 kwamba kuvunja serikali za mitaa lilikuwa kosa. Nawakumbusha hili kwa sababu maneno ya wakati ule, kusogeza huduma na kupeleka madaraka kwa wananchi, ndiyo maneno ya hotuba zenu za leo.

Waheshimiwa, umbo lililowekwa mwaka 1962 halijaondoka. Mwaka huo serikali ilianza kuteua wakuu wa mikoa na wilaya wa kisiasa, na mtu huyohuyo akawa katibu wa TANU wa eneo lake. Wakati ule ilieleweka: nchi changa, maofisa wengi bado Waingereza, chama ndicho kilichoaminiwa na watu. Vyama vingi vikarudi mwaka 1992. Hata hivyo mkuu wa wilaya ni mjumbe wa kamati ya siasa ya CCM ya wilaya, na taarifa ya utekelezaji wa Ilani ya uchaguzi ya chama hicho inayopelekwa huko tunaiandika sisi maofisa wa halmashauri, kwenye kompyuta za halmashauri, saa za kazi.

Mkurugenzi wa halmashauri huteuliwa na Rais. Julai 2016 waliteuliwa wakurugenzi 185 kwa mpigo, wengi wao wapya katika nafasi hiyo. Mkurugenzi wa namna hii anawasikiliza madiwani, lakini ajira yake haiko mikononi mwao, na wao wanalijua hilo. Kwa miaka mingi mkurugenzi huyohuyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa uchaguzi. Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema utaratibu huo unakwenda kinyume cha Katiba. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Mimi si mwanasheria, siwezi kuchambua hukumu. Ninachoweza kusema ni nilichokiona dirishani: mwaka wa uchaguzi ukifika, mfanyabiashara wa chama kingine alikuja kulipia leseni akiwa na mashaka usoni, akahesabu karatasi mara mbili, akauliza kama jina lake litapelekwa mahali. Hakuna mafunzo ya huduma kwa mteja yanayoweza kumwondolea mtu hofu hiyo.

Nije kwenye saa 48. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, vifungu vya 7 na 15, inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa muda usiozidi saa 48. Sheria imeweka masharti: lazima pawepo hatari ya kweli kwa amani, isiyoweza kuzuiwa kwa njia nyingine, na aliyekamatwa afikishwe kwa hakimu au aachiwe. Sote tumeona jinsi uwezo huo ulivyotumika. Waganga, walimu, wahandisi, watendaji na waandishi wa habari wamewekwa ndani kwa kuchelewa kikao, kwa dawa zilizokwisha, kwa jibu lisilompendeza mkubwa. Viongozi wa juu serikalini wamekemea jambo hili zaidi ya mara moja, na nawashukuru kwa hilo. Lakini kemeo husahaulika, na kifungu kimebaki.

Niwaeleze linavyofanya kazi, kwa sababu madhara yake makubwa hayako mahabusu. Kiongozi amefika, mkutano wa hadhara, vipaza sauti viko juu. Mama mmoja analalamika kuwa kiwanja chake kimegawiwa mtu mwingine. "Ofisa ardhi yuko wapi? Njoo hapa mbele." Kijana anapanda jukwaani na faili kwapani. Anajua kuwa kiwanja kile kina kesi mahakamani na kwamba mama yule ameuziwa na mtu asiye mmiliki. Anaanza kueleza. "Sitaki maelezo marefu. Jumatatu mama huyu awe na kiwanja chake. La sivyo, OCD yuko hapa," yaani mkuu wa polisi wa wilaya. Watu wanapiga makofi, na wana haki ya kupiga makofi, maana wamezungushwa miaka. Jumatatu mama anapewa kiwanja: cha mtu wa tatu, kilichokuwa kimetengwa kwa ajili ya zahanati. Yule kijana niliongea naye baadaye. Aliniambia kuanzia siku ile hasaini kitu bila maelekezo ya maandishi kutoka juu, hata kibali cha choo. Mnaita hali hiyo urasimu. Ni hofu, na imejengwa mbele ya macho ya umma.

Kesho yake kila ofisa katika wilaya ile alikuwa amepata somo lilelile. Mhandisi akaacha kumkatalia mkandarasi aliyetajwa na mkubwa. Mhasibu akajifunza kuhamisha fedha za kifungu kimoja kwenda kingine pale "maelekezo ya viongozi" yanapokuja kwa simu, kisha kusubiri hoja ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwa maombi. Na hoja ikija, anayehojiwa ni mhasibu. Aliyepiga simu hana saini popote.

Upande wa jamii nao nauzungumza kwa uangalifu, kwa sababu nimesikia wataalamu wengi wakiitaja jamii yetu kana kwamba ni ugonjwa. Undugu na ujirani vimebeba wagonjwa, yatima na wazee wa nchi hii pale serikali iliposhindwa. Mtendaji wa kijiji anachota maji kisima kimoja na watu anaowatoza faini. Si jambo baya. Mtu anayekaa na watu hujua shida zao. Ubaya unaingia pale agizo la juu linapomfanya achague kati ya kazi yake na majirani zake.

Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia. Lengo lilikuwa zuri kabisa. Fedha kutoka juu zilikuwa kidogo, tarehe ya mwisho ilikuwa ya kweli, na wakuu wa wilaya waliambiwa watapimwa kwa maabara. Mzigo ukashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwa mtendaji wa kijiji na daftari la michango. Namkumbuka mmoja, kijana mpole, mzaliwa wa kata ileile. Alipewa siku chache akamilishe makusanyo. Akaenda na mgambo kwa mama mjane aliyekuwa jirani wa mama yake mzazi, wakachukua mbuzi. Mbuzi akafungwa nje ya ofisi ya kata, analia mchana kutwa, na watu wanapita wanatazama. Baada ya hapo hakuna aliyekuja kwenye shughuli ya kijana yule. Alipofiwa na baba yake, waliochimba kaburi walikuwa ndugu tu. Akaja kwangu kuomba uhamisho. Kwenye fomu, sehemu ya sababu, aliandika "masuala ya kifamilia". Kwa mkuu wa wilaya alikuwa mtendaji bora mwaka ule.

Sasa linganisheni na mwaka 2021. Serikali ilipata mkopo wa IMF wa kukabili UVIKO-19, kama shilingi trilioni 1.3, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000 kwa miezi michache. Watumishi walikuwa walewale. Walimu wakuu walewale, wahandisi walewale wanaosemwa kuwa wavivu, watendaji walewale. Kilichobadilika ni mazingira. Fedha zilifika zote na kwa wakati, shilingi milioni 20 kwa kila darasa. Kila mzazi aliyepita shuleni alijua ni madarasa mangapi yametakiwa na kwa shilingi ngapi, kwa hiyo angeweza kuuliza. Kamati za shule zilinunua saruji na nondo na kuwalipa mafundi wa hapohapo kijijini, na fundi aliyejenga vibaya alijua mwanawe atasoma humo. Shinikizo la kisiasa lilikuwapo pia, tena kubwa, na yako madarasa yaliyoharakishwa hadi yakapata nyufa. Sidai kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Nadai kwamba mkiwa na swali la kwa nini utumishi wetu unashindwa, mna jibu ndani ya nyumba yenu wenyewe: kuna mwaka mliubadilisha mfumo wa fedha na wa macho ya watu, na watumishi wakabadilika ndani ya robo mbili.

Macho ya watu yanahitaji pia watu wenye sababu ya kutazama. Kodi ya maendeleo, ile iliyoitwa ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003, na sikuililia. Ilikusanywa kwa manyanyaso na wanaume walikuwa wanalala porini kuikwepa. Lakini baada yake kodi ya majengo nayo ilichukuliwa na TRA, Mamlaka ya Mapato, mwaka 2016, na tangu 2021 mwananchi anakatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida ilipoanza. Ni rahisi na ina ufanisi. Ila mwenye nyumba huyo hajui tena ni halmashauri gani anayopaswa kuiuliza kuhusu mtaro uliofurika mbele ya geti lake, na diwani wake hana fedha ya kumjibu. Mlipoondoa chanzo kile cha mapato mliondoa na mazungumzo kati ya mlipaji na ofisi.

Jirani zetu wamefanya mambo yao kwa namna zao. Rwanda mameya husaini mikataba ya imihigo, yaani ahadi za utendaji, mbele ya Rais tangu 2006, na mikataba hiyo ina meno kwa sababu siasa ya pale imeamua iwe nayo. Kenya, Katiba ya 2010 imezihakikishia kaunti zake 47 kwa pamoja angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na magavana wanagombana na serikali kuu hadharani kuhusu kila shilingi. Siwaombi mnakili ya Rwanda wala ya Kenya. Tukinakili fomu yao bila siasa yao tutapata MWAMTUKA nyingine.

Ninayoyaomba ni haya. La kwanza na lililo rahisi kuliko yote, ingawa najua halitaonekana rahisi kwenu: futeni uwezo wa saa 48 katika vifungu vya 7 na 15. Polisi wapo, mahakama zipo, na hatari ya kweli kwa amani inashughulikiwa chini ya sheria nyingine. Hakuna mtumishi atakayemweleza mkubwa ukweli wa kitaalamu jukwaani huku ufunguo wa mahabusu uko mfukoni mwa huyohuyo anayemsikiliza.

Nafasi ya mkurugenzi itangazwe, watu waombe, wafanyiwe usaili, na baraza la madiwani liwe na kura ya kweli katika kumpata na katika kumwondoa. Mnaweza kunijibu kwamba madiwani watajaza ndugu zao. Hatari hiyo ipo, na ndiyo sababu usaili ubaki kwa Sekretarieti ya Ajira, madiwani wachague kati ya waliofaulu. Uteuzi wa sasa pia haujawahi kutukinga na kujuana. Umeuhamishia ngazi ya juu zaidi, ambako mwananchi hawezi kuuona.

Maelekezo yanayogusa fedha au ardhi yatolewe kwa maandishi yenye jina na saini ya aliyeyatoa, na yasipokuwa na saini mtumishi awe na haki ya kutoyatekeleza bila kuhamishwa wala kusimamishwa. CAG akija, ahoji saini zote mbili. Kwa uzoefu wangu sharti hili peke yake lingepunguza simu za usiku kwa wahasibu kwa kiasi kikubwa sana.

OC ipelekwe wilayani kwa robo iliyopangwa, na kiasi kilichofika kibandikwe ukutani siku ileile, kama zilivyotangazwa fedha za madarasa. Halmashauri zirudishiwe sehemu kubwa ya kodi ya majengo, na stakabadhi ya LUKU itaje jina la halmashauri inayopokea.

La mwisho ni mkutano mkuu wa kijiji. Sheria inautaka ukutane kila miezi mitatu, kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe, na hapo mapato na matumizi yanasomwa. Nyinyi mnajua, kama ninavyojua mimi, kwamba vijiji vingi haviufanyi, au vinaufanya pale tu kunapokuwa na mchango wa kutangaza, ndiyo maana watu hawaji. Mtendaji anasoma karatasi kwa haraka, wazee wawili wanauliza, akina mama waliokaa nyuma hawapewi nafasi, kikao kinafungwa. Hakuna kinachompata mtendaji mkutano ukikataa taarifa yake. Mwekeeni kitu cha kumpata. Katika PEPMIS pameachwa nafasi ya mkuu wa kazi kuthibitisha alichofanya mtumishi. Kwa watendaji wa vijiji na mitaa ongezeni nafasi ya mkutano mkuu. Ukiikataa taarifa ya mapato na matumizi mara mbili mfululizo, mtendaji huyo asipandishwe daraja mwaka huo na mkaguzi wa ndani afike kijijini ndani ya siku 30. Anzeni na halmashauri chache kati ya 184 tulizonazo, za mjini na za vijijini, kwa mwaka mmoja wa fedha, na matokeo yasomwe kwenye vijiji hivyohivyo kabla hayajasomwa Dodoma.

Wapo wastaafu wengi wa idara za utumishi, fedha na mipango walioko majumbani ambao wameyaona haya kwa macho yao na hawana cha kupoteza kwa kuyasema. Kamati ikituita, tutakuja kwa nauli zetu, na tutaleta mifano yenye tarehe na namba za mafaili.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtumishi mstaafu, idara ya utumishi, serikali za mitaa